Opareta na Mgeni wa Simuni

Jiko la kioo lilipofika, Opareta alilipapasa kutoka pembe hadi pembe, akarudia tena, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayejitahidi kuwa na adabu, "Vitufe viko wapi?"

Mleta mizigo akamwambia halina vitufe. Ni kioo kitupu, unagusa tu linawaka. Akaongeza kuwa hilo ndilo la kisasa hasa, na kwamba mwanawe anampenda.

Kwamba mwanawe anampenda, Opareta hakuwa na shaka. Shaka yake ilikuwa kwa huyo aliyeketi ofisini akabuni jiko laini kama sinia, lisilo na pa kushika wala pa kubofya, akadhani dunia nzima ina macho. Ya kwake yalikuwa yamezimika. Presha ya macho ndiyo iliyomfanyia hivyo, ule ugonjwa unaokula pembeni taratibu bila maumivu, mpaka siku moja unajikuta unaitazama dunia kupitia tundu la ufunguo, na baadaye tundu nalo linazibwa. Kilichobaki ni kujua tu kama dirisha liko wazi au limefungwa. Alimshukuru mleta mizigo, akaweka sahihi pale kidole kilipoelekezwa, akajiambia moyoni kuwa atalizoea. Hapo ndipo makosa yalipoanza.

Jina Opareta alilipata kazini, likamganda. Tangu usichana hadi kustaafu alikaa kwenye chumba kidogo cha simu katika hospitali kubwa, na kila aliyepiga, awe daktari, mama mjamzito au mtu aliyepotelewa na mgonjwa wake, alipita kwanza mikononi mwake. Wakubwa wa pale aliwajua kwa kikohozi chao kabla hawajataja majina. Alijua nani amelala vibaya, nani amegombana na mkewe, nani anapiga akiwa amesimama. Alipostaafu walimfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani ambayo leo hii hawezi kuisoma. Shemeji zake wanamwita Opareta, majirani wanamwita Opareta, na mwanawe wa pekee, fundi wa lifti anayeishi mji mwingine, akiwa amefurahi humwita Opareta badala ya mama.

Kabla ya jiko, simu ya kioo nayo aliletewa na mwanawe. Siku za mwanzo nusura aitupe jalalani. Ilikuwa ni kushikashika kigae kinacholia. Ni muuguzi wa kliniki ya macho aliyemwokoa, akamwashia ile sauti inayosoma kila kitu kidole kinapogusa: gusa mara moja isome, gusa mara mbili ifungue. Opareta alikaa na simu ile kwenye kochi mpaka chai ikapoa, na alipoinuka alikuwa amempigia kila mtu anayemfahamu, akiwemo binti mmoja wa maabara waliyekuwa hawasemezani.

Sauti yenyewe ilikuwa ya kike, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyeshuka kwenye ndege jana jioni. Iliponda maneno, ikavuta pasipovutwa, ikameza panapohitaji pumzi. Opareta akaipa jina la Mgeni, na tangu hapo nyumbani kwake husikii habari za simu, utasikia tu Mgeni kasema. Mgeni kasema mvua itanyesha. Mgeni kasema salio limekwisha. Hata saa Mgeni alizitaja kwa hesabu za kwao, hivyo alipotangaza kwamba ni saa kumi na tano, Opareta alitoa sita, akapata saa tisa, akabandika chai ya alasiri.

Lakini kilichomtoa jasho Mgeni kilikuwa ujumbe wa kundi la familia. Na hapa lazima tumtaje kaka mkubwa wa Opareta. Alikuwa mpima ardhi, naye amestaafu, ila hakustaafu kuwapangia watu mipaka. Wajukuu walimfundisha kuandika kwa mkato, na tangu siku hiyo aliandika kama mtu anayetozwa kodi kwa kila herufi. Silabi tu ikawa tarakimu ya mbili, sasa ikawa xaxa, sababu ikawa saba na mkia wake. Asubuhi moja, baada ya upepo mkali uliong'oa mabati upande wa kwake, aliandika kuwatoa watu wasiwasi kwamba wa2 wote wazima. Mgeni akasoma, kwa utulivu kabisa, "wa mbili wote wazima." Opareta akashika kichwa. Nyumba ile ina watu wanane. Alipiga simu akilia, akitaka kuambiwa ni wawili gani waliopona, na kaka yake alichukua muda mrefu kuelewa anaulizwa nini.

Kutokana na vituko vya namna hiyo ndipo Opareta akaanza kurekodi. Mwanzoni alimrekodia mama mmoja waliyekuwa wakikaa benchi moja kliniki, aliyetaka kujua anunue simu gani. Opareta akambofyia kinasa sauti, akasema kama zamani kazini, "Hapa Opareta," kisha akamwaga yote. Usitazame idadi ya kamera, alisema, wewe kamera za nini? Shika simu mkononi, tafuta kitufe cha sauti kwa kidole gumba. Ukikikosa, irudishe dukani. Mwambie muuzaji aiwashe ile sauti inayosoma, mbele yako, na kama hajui ilipo, nenda duka lingine. Mama yule akaipeleka sauti ile kwa mdogo wake, mdogo wake akaipeleka kwa jirani, na kabla mwezi haujaisha Opareta alikuwa anapokea maswali kutoka kwa watu ambao hajawahi kuwasikia, wengi wao wenye macho yao mawili.

Hakuwa na dogo. Vile vya kuchomeka masikioni visivyo na waya alivipa neno moja tu, mbegu, kwa kuwa kimoja kikidondoka utakitafuta kwa magoti kama aliyemwaga maharage. Waya una faida yake, ukiuvuta unakuja na kitu chake. Tena barabarani ziba sikio moja, la pili liachie magari. Birika la umeme lenye kujizima kwa mlio wa tak alilisifu mpaka watu wakacheka. Jiko dogo la kupashia chakula, lile lenye uso laini, alisema lipakwe tone la rangi ya kucha juu ya alama ya kuwashia na tone jingine juu ya kuzimia, likauke, basi, umemaliza. Na kwa chupa mbili za dawa ya macho zinazofanana, alisema hakuna mashine inayoshinda kipande cha mpira cha kufungia noti ukikizungusha kwenye mojawapo.

Kuhusu mambo ya kutumiana, hapo ndipo alipokuwa mkali zaidi. "Ukinitumia video ya watu walionyamaza, ukaweka na muziki juu, umenitumia kelele," alisema kwenye rekodi moja iliyozunguka sana. "Ukinitumia tangazo la msiba kama picha, Mgeni ananiambia 'picha', anaishia hapo. Nitajuaje nani kafa? Andika maneno mawili chini yake. Vidole havitakatika."

Mwenye duka la vifaa vya umeme, mtaa wa pili, alimfuata nyumbani amenuna. Mbegu zake zilikuwa zimelala rafuni tangu Opareta afungue mdomo. Opareta alimkaribisha kiti, akamwambia kwamba hajamkataza mtu kuja dukani, amemkataza kununua takataka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Yule bwana aliondoka bado amenuna, lakini hakuwa mjinga. Aligundua kuwa wateja wanaingia wakiuliza Opareta kasemaje, na kwamba akiwa na jibu wananunua bila kuvutana. Siku hizi kabla ya kuagiza mzigo humpelekea Opareta sampuli, naye huipapasa, huibofya, huitikisa karibu na sikio, kisha hutoa hukumu. Mwenye duka anamwita mkaguzi mkuu, na si kwa utani sana.

Sasa basi, mtu wa namna hii, aliyewaonya watu kila kona wasiguse kitu cha moto kisicho na kitufe, ilikuwaje akapika kwenye jiko la kioo? Jibu ni fupi. Lilikuwa zawadi ya mwanawe. Mwanawe alidunduliza, akalisafirisha, akapiga simu akiuliza kama limefika, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Opareta alimsikia, akashindwa. Akasema ni zuri mno. Kwa wasikilizaji wake wote alikuwa simba, kwa mwanawe alikuwa mama tu.

Akalitumia roho mkononi. Alihesabu upana wa vidole kutoka ukingoni, akapaka rangi ya kucha, ikaungua. Akabandika kipande cha plasta, kikayeyuka kwa harufu mbaya. Siku moja alilizima, au alidhani amelizima, akaweka kiganja pale ambapo kwa hesabu zake palikuwa pa baridi.

Kaka mkubwa alikuja kumsalimia, akakuta mkono umefungwa bendeji hadi kifundoni. Hakuuliza jiko gani. Hakuuliza lolote. Alisema tu kwamba ameona ya kutosha, akatoka, na jioni Mgeni akatangaza kuwa Jumamosi kutakuwa na kikao cha familia hapo hapo nyumbani. Ajenda ilikuwa moja: nyumba ipangishwe, Opareta ahamie kwa mwanawe.

Opareta aliogopa. Lazima lisemwe hivyo hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakumficha mtu. Mwanawe alikaa ghorofa ya tano, kwenye mji ambao Opareta hakuujua hata harufu yake. Hapa kwake alijua kigae kilichopasuka mbele ya bafu, alijua mlango wa jirani kwa mlio wa bawaba, alijua njia ya dukani kwa mteremko wake na kwa mashine ya fundi viatu inayokereza pembeni. Kule angekuwa kitu cha kuhamishwa kutoka kochi hadi kitanda, akiambiwa kaa hapo mama, usijisumbue. Na kumpenda mkwewe, mke wa mwanawe, alimpenda, hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hapa alikuwa Opareta, na kule angekuwa mgonjwa. Wiki nzima hakurekodi chochote. Watu wakamtumia salamu wakidhani ameugua.

Jumamosi wakaja. Mwanawe aliingia kwanza, amechoka na safari, akamkumbatia akakaa sana bila kumwachia. Kaka mkubwa akafuata, na kabla ya salamu kumalizika alipiga teke stuli ya karibu na mlango, akagomba nani kaiweka hapo. Stuli ile imekaa hapo tangu nyumba ijengwe, lakini mgeni wa heshima habishiwi, Opareta akaisogeza. Alikuwa amepiga moyo konde. Alikuwa amefagia, amepanga vikombe, amechemsha chai kwenye birika lake la tak, na aliwamiminia wote bila kumwaga tone, kwa kusikiliza sauti ya chai inavyopanda kikombeni. Alitaka waone. Ila walikuwa wameshaona bendeji.

Kaka mkubwa alifungua kikao kwa maneno matamu. Alimsifu dada yake, akasifu ushujaa wake, akasifu hata chai. Opareta alikuwa amesikiliza watu maisha yake yote, alijua mtu anayempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamwacha amalize. Kisha akasema yake. Alisema mkono utapona, kwamba kosa lilikuwa la jiko, kwamba yeye hahami. Mwanawe akasema mama, tafadhali. Kaka mkubwa akasema hilo si la kubishania. Opareta akasema ndiyo kwanza anaanza kubisha.

Hapo pakawa kimya. Kimya kile hakikumdanganya. Alisikia kidole gumba kikigonga kioo, tiki, tiki, tiki, upande wa kiti cha kaka yake. Wanaandikiana, akafikiri. Wamekaa sebuleni mwangu, wanakunywa chai yangu, wanaandikiana juu ya kichwa changu kama vile sipo. Uchungu ulimpanda mpaka puani.

Kisha simu yake, iliyokuwa mezani kando ya sukari, ikaamka. Alikuwa amemwamuru Mgeni asome kila ujumbe ukifika ili asihangaike kuutafuta. Mgeni akasoma, kwa sauti ya juu, kwa lafudhi yake ile ile ya uwanja wa ndege.

"Kundi la familia. Kaka Mkubwa. Mbili si bishane naye ksaksa. Jei mbili, mbili mwambie mbili nampeleka hospitali, mbili pite moja kwa moja kwako. Akishafika atazoea. Saba bu haoni, hatajua njia."

Kijiko kilianguka. Opareta hakujua cha nani. 

Mgeni alikuwa amevuruga maneno yote, lakini Opareta alikuwa amezoea kuunganisha waya zilizochanganyika. Mbili ni tu. Jei mbili ni Jumapili. Kesho. Walikuwa wamekula njama ya kumwambia anapelekwa hospitali, halafu wamsafirishe.  Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya kazini.

"Kaka," alisema, "umekosea namba."

Kaka mkubwa alianza kusema kitu, akakohoa badala yake.

"Na kliniki ya macho haifunguliwi Jumapili," Opareta akaendelea. "Hiyo hospitali nimeipokelea simu tangu sijaolewa. Kama mlitaka kunizunguka, mngechagua siku ya kazi."

Mtu mwingine angecheka hapo, maana kusema kweli ilichekesha. Mwanawe hakucheka. Alihama kitini akaja kupiga magoti karibu na kochi, na Opareta aliposikia pumzi zake zinavyokwama alijua kuwa alilijua jambo hili tangu mwanzo. Akamuuliza hata hivyo kama alikubali.

"Nilikubali," mwanawe akasema. "Mama, simu ikiita tu moyo unanilipuka. Kila siku nadhani ni jirani ananipigia kusema nyumba imeungua na wewe ndani. Mimi siwezi tena."

Opareta akatafuta kichwa chake, akakipata, akakishika kwa ule mkono mzima. Alihisi hasira zikimtoka na huruma ikiingia, lakini hakuacha huruma imfunge mdomo. Tayari ilishamfunga mara moja, na bendeji ndiyo iliyotokana nayo.

"Nyumba ilikaribia kuungua kwa jiko lako," alisema. "Ningekwambia siku ile ile, nikaogopa kukuvunja moyo. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini sikiliza na la kwako. Watu nisiowajua, wa miji nisiyoijua, wananiuliza wanunue nini. Mwenye duka ananiuliza. Wewe, mwanangu, hujaniuliza hata siku moja."

 Safari hii hakukuwa na kidole kilichogonga kioo.

"Basi nakuuliza," mwanawe akasema. "Unataka jiko gani?"

Wale wanaomfahamu Opareta kwa rekodi zake wangemlipa mtu yeyote ambaye angewapa nafasi ya kukaa sebuleni wakati ule. Alinyoosha mgongo. Alisema anataka jiko la umeme la sahani mbili, lenye vitasa vya kuzungusha, na vitasa viwe mbele, si nyuma ambako mkono unavuka juu ya moto. Kila kitasa kilie kikipita hatua, ili asikie, na kigote kikifika mwisho, ili ajue kimezima. Sahani ziwe zimeinuka na kuwa na ukingo, sufuria isiteleze. Na liwe na kengele ya dakika, ya kuzungusha kwa mkono, ile ya kizamani inayokrikiri kama panzi. Mapambo hataki. Taa za rangi hataki. Kuongea na mtandao hataki. Jiko likitaka kuongea na mtu liongee na yeye. Mwanawe, ambaye ni fundi wa lifti na hushinda akitengeneza vitufe vya ghorofa, alikaa chini sakafuni akisikiliza, na mwishoni akasema pole pole kuwa hata kwenye lifti, zile za vioo vya kugusa ndizo zinazomletea malalamiko zaidi. Ilikuwa kama ndiyo kwanza amelifahamu jambo alilolifanyia kazi siku zote.

Hawakusubiri Jumapili. Walikwenda dukani muda ule ule, Opareta mbele na fimbo yake, mwanawe nyuma amebeba jiko la kioo kwenye boksi lake ajaribu kulibadilisha, kaka mkubwa nyuma zaidi, hasemi. Mwenye duka alipomwona mkaguzi mkuu amekuja na msafara mzima alitoa kila alicho nacho. La kwanza Opareta alilikataa kabla halijatoka kwenye nailoni. La pili vitasa vilizunguka bure kama vya kuchezea. La tatu lilikuwa zuri, ila vitasa vilikuwa nyuma. Mwisho mwenye duka akaburuta kutoka chini ya rafu jiko moja lililojaa vumbi, la bei ya chini, ambalo alikuwa ameona aibu kulionyesha. Opareta akazungusha kitasa. Tak, tak, tak, kikagota. Akatabasamu, na mwanawe, bila kuambiwa, akasema ni hilo.

Jioni ile alipika viazi na mayai kwa ajili ya wote. Mwanawe aliketi kwenye kiti cha jikoni akiwa amekalia viganja vyake mwenyewe ili visinyanyuke kusaidia. Sufuria ilipotikisika alishtuka, akajizuia. Kengele ikalia, Opareta akazungusha kitasa hadi kikagota, akaweka mkono mzima juu ya ukingo kuhakikisha, akapakua sahani tatu sawasawa. Mwanawe alikula yote, akaomba tena. Aliposema, mdomo ukiwa umejaa, kwamba nyumba haipangishwi, alisema kama mtu anayeeleza kuwa chumvi inatosha, na Opareta alilazimika kugeukia karai la vyombo ili asionekane anavyolia kwa furaha. Alikuwa ameshinda. Alitamani kumpigia kila mtu aliye hai.

Mwanawe akachukua zamu ya vyombo. Opareta akatoka barazani, akamkuta kaka yake kwenye benchi, na alijua ni yeye kwa jinsi alivyokuwa akisugua magoti. Akakaa. Alitegemea kuombwa radhi, na kweli akaombwa, kwa maneno machache yaliyotoka kwa shida. Alimsamehe. Lakini kaka mkubwa hakuinuka.

"Unajua sikukosea kwa haraka," akasema hatimaye. "Nilidhani namwandikia mwanao peke yake. Jina la kundi, pale juu ya kioo, sikuliona."

 Opareta akaikumbuka stuli, akakumbuka pia safari ya dukani, nyayo zake zilivyokuwa zikiburuta nyuma kwenye njia ambayo ameipita miaka yote.

"Pembeni kunaingia ukungu," kaka yake akaendelea. "Tangu mwaka jana. Sijamwambia mtu. Mpima ardhi asiyeona, watu watasemaje? Nilipokuona na ile bendeji, nilijiona mimi." Akavuta pumzi. "Nilitaka uondoke nisikuone. Sasa niambie, kwa watu kama sisi, simu ipi ni nzuri? Ninunue ipi?"

Hata siku moja mtu yule hakuwahi kumuuliza dada yake kitu. Opareta alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, alikuwa nayo tayari mdomoni. Aliyameza.

"Simu baadaye," alisema. "Kwanza macho. Mimi nilichelewa, nilijitia hamnazo mpaka yakaisha. Wewe bado una kitu. Matone yakianza sasa, kilichobaki kinaweza kubaki."

Alimshika mkono, hakuuachia. Ndani, mwanawe alikuwa akigonganisha vyombo na kuimba vibaya.

Jumatatu asubuhi walikwenda hospitali kwa miguu. Opareta alitangulia na fimbo yake, kaka mkubwa ameshika kiwiko chake, akionywa mapema kila palipo na ngazi na kila palipo na mfereji. Getini mlinzi mzee alimtambua Opareta kwa mbali, akampigia saluti, akamfungulia. Aliijua korido ya macho kwa harufu ya dawa na kwa mlango wake unaogoma kufunga, na hakuuliza njia hata mara moja. Kwenye dirisha la mapokezi muuguzi mgeni alimwona mama mwenye fimbo na bwana aliyevaa koti, akamwinamia yule bwana akamwambia amkalishe mgonjwa kwenye benchi.

"Mgonjwa ni mimi," kaka mkubwa akasema. "Huyu ndiye aliyenileta."